Maji Hurudi kwa Saa Zake

Kwa muda mrefu nilidhani mtu aliyezaliwa pwani hana haja ya kufundishwa habari za maji. Nilikulia Tanga, na huko mtoto huijua bahari kabla hajazijua herufi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bamvua huja. Maji hujaa mpaka yakafunika mizizi ya mikoko, kisha hupwa mbali kiasi kwamba akina mama hutembea mwambani na vijiti vyao kwenda kuchokoa pweza. Katikati yake huja siku za maji mafu, bahari ikawa haina haraka. Siku za bamvua, kati ya maji kujaa na maji kupwa panaweza kuwa na zaidi ya mita 3, na kila mtu hupanga mambo yake kwa kipimo hicho: mvuvi anapotweka tanga, fundi anapochagua mahali pa kuchimba msingi, hata mama anapomwambia mwanawe leo usiende kuogelea. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba huko nako ni kupanga. Nililiona ni jambo la kuishi tu.

Maisha yakanileta Norfolk, katika jimbo la Virginia, Marekani, mji uliokaa karibu na pale ghuba ya Chesapeake inapofungukia bahari ya Atlantiki. Ni mji wa manowari. Kambi ya jeshi la majini iliyopo hapa ndiyo kubwa kuliko zote duniani, na mito na vijito vimeukata mji vipande vipande, kiasi kwamba ni vigumu kwenda popote bila kuvuka maji. Kilichonishangaza mwanzoni ni jinsi bahari yenyewe isivyosogea. Kati ya kujaa na kupwa, kwa wastani, ni kama sentimita 75 tu. Kwa macho ya Tanga, hayo si maji ya kumtisha mtu. Nilichelewa kuelewa kwamba udogo huo ndio wenye maana. Watu waliokuta bahari inapanda kidogo walijenga karibu nayo, chini chini, wakaiamini. Na bahari iliyoaminiwa hivyo, ikiongezeka hata shubiri mbili, tayari imo barabarani.

Nafanya kazi ya kulea wazee majumbani, kama Waswahili wengi walioko ughaibuni. Mmoja wa wazee ninaowahudumia ni mama mwenye umri wa bibi yangu, nami humwita bibi kwa sababu ulimi wangu haukubali kumtaja kwa jina lake tupu. Nyumba yake ni ya mbao, ina baraza mbele, na iko karibu na kijito. Mlangoni mwa friji amebandika ratiba ya maji, saa ya kujaa na saa ya kupwa, na zile siku ambazo maji yatapita kiasi amezizungushia kalamu nyekundu. Miadi ya daktari ameiandika pembeni mwa ratiba hiyo hiyo, kwa herufi ndogo, maana daktari husogezwa lakini maji hayasogezwi.

Nakumbuka siku moja ya majira ya vuli, jua likiwaka na mbinguni hakuna hata wingu. Niliegesha gari mbele ya nyumba, nikashuka na mifuko ya sokoni. Ukingoni mwa barabara kuna tundu la mtaro lililofunikwa kwa nondo, lile la kuyapeleka maji ya mvua mtoni. Nikalisikia likitoa sauti kama ya mtu anayesukutua. Maji yakaanza kuchomoza kati ya nondo, polepole, yakibeba majani makavu, yakafuata ukingo wa barabara, yakalizunguka tairi la mbele. Nikainama nikanusa: bahari. Mto ulikuwa umepanda juu kuliko mtaro, na bomba lililowekwa kuyatoa maji mtaani ndilo lililokuwa likiyaingiza. Bibi alikuwa barazani. Hakushtuka. Aliniambia, "Litoe gari, mwanangu, ukaliweke kule juu karibu na kanisa. Na ukirudi uvae viatu vya mpira." Alisema kwa sauti ya mtu anayekumbusha kwamba chai iko mezani.

Utulivu ule ulinikaa moyoni kuliko maji yenyewe. Nilijiuliza kama ni hekima au ni uchovu, na mpaka leo sijaweza kutenganisha. Mtu akizoea jambo, je, amelielewa, au ameacha kuliuliza? Mafuriko ya ghafla huja na king'ora, na viongozi hufika wamevaa makoti ya mvua. Haya ya kujirudia huja mchana mweupe, yakakaa saa mbili au tatu, yakaondoka, na barabara ikabaki na mstari wa takataka na chumvi. Hakuna anayekufa. Gari huliwa na kutu kwa chini, majani ya uani hukauka, mtoto huchelewa shule, muuguzi huchelewa kwa mgonjwa. Kila moja ya shida hizo ni ndogo mno kuitisha mkutano, na zote kwa pamoja ndizo zinazoufanya mtaa upoteze watu wake.

Nikaanza kutaka kujua maji haya yanatoka wapi. Mahali paitwapo Sewells Point, penye kambi ile ya manowari, kuna kipimo ambacho kimekuwa kikiandika kimo cha bahari tangu mwaka 1927. Kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba bahari hapa imepanda kwa takriban sentimita 45 katika muda unaokaribia miaka 100. Mtu akiliweka hilo kando ya zile sentimita 75 za kujaa na kupwa, ataona jinsi nafasi ilivyokwisha. Tena si bahari pekee inayopanda. Ardhi nayo inazama. Sehemu ya kuzama huko ni deni la kale: zama za barafu, uzito wa barafu iliyolala kaskazini uliibinua nchi ya huku, na tangu barafu iyeyuke nchi inashuka taratibu kurudi mahali pake. Sehemu nyingine ni ya mikono ya watu, kwa viwanda na miji kuvuta maji kutoka kwenye tabaka kubwa la maji ya chini, liitwalo Potomac, mpaka udongo wa juu yake ukajibana na kushuka.

Upepo nao una sehemu yake. Ukivuma kutoka kaskazini-mashariki siku mbili tatu mfululizo, maji ya ghuba hukosa njia ya kutoka. Saa ya kupwa hufika na maji hayashuki, saa ya kujaa ikaja juu ya yale yaliyobaki. Sisi tuliokulia na kaskazi, upepo wa majahazi, hatukufundishwa kuuogopa upepo wa upande huo. Bibi yeye huujua kwa magoti yake. Anakikumbuka kimbunga Isabel cha Septemba 2003, na kutoka kwa wazazi wake aliyasikia ya kimbunga cha 1933. Vimbunga hivyo viwili vilileta maji ya kimo karibu sawa, ingawa Isabel kilikuwa dhaifu zaidi. Pengo la nguvu lilikuwa limekwisha kujazwa na bahari iliyopanda katika miaka 70 iliyopita kati yao. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya. Dhoruba ya kawaida ya leo inafika mahali ambapo zamani ilihitajika dhoruba ya kusimuliwa vizazi.

Mipango ya serikali ya jimbo nilianza kuisoma nikiwa mezani kwa bibi, nasubiri maji yapungue nikalichukue gari. Mwaka 2012 bunge la Virginia liliiagiza taasisi ya jimbo ya sayansi ya bahari, VIMS, iyachunguze mafuriko yanayojirudia, na Januari 2013 ripoti ikatoka. Iliwaambia wabunge wajiandae kwa bahari kupanda kama futi moja na nusu, karibu nusu mita, katika miaka 20 hadi 50 inayokuja. Humo humo kulikuwa na jambo lililonifanya niiweke simu chini: kwamba hatua nyingi za kujihami zinahitaji miaka 20 hadi 30 kupangwa na kutekelezwa vizuri. Muda wa kujiandaa na muda wa kufikiwa ni karibu ule ule. Nikamtazama bibi, aliyekuwa akimenya viazi, nikajua kwamba hata kila ofisi ikifanya kazi yake sawasawa, kwa moyo mmoja, bila siku moja kupotea, matunda hayatamkuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi ya kupanga kwa jicho jingine. Nilikuwa nimezoea kuipima serikali kwa kile ilichojenga: onyesha ukuta, onyesha daraja, onyesha bomba. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna kazi ya utawala ambayo wanaoianza hawataiona ikiisha, na wanaoilipia si wao watakaokingwa nayo. Mwaka 2016 jimbo lilianzisha kituo cha vyuo vikuu cha kuyatafiti mafuriko haya. Novemba 2018 Gavana Ralph Northam alitoa amri iliyoagiza uandaliwe mpango mkuu wa pwani. Desemba 2021 awamu ya kwanza ya mpango huo ikachapishwa. Miaka tisa, kutoka swali la bunge mpaka ramani ya pwani nzima. Kuna siku naiona miaka hiyo kuwa ni uzembe. Kuna siku nyingine, nikikumbuka ni wangapi waliopaswa kukubaliana, na kwamba wengine hawakutaka hata kulisikia jambo lenyewe, naona ni ajabu kwamba ilifika.

Ramani ile nilimfungulia bibi kwenye simu. Mpango unasema kwamba mwaka 2020 watu wapatao 360,000 katika pwani ya Virginia waliishi kwenye nyumba zinazoweza kufikiwa na mafuriko makubwa. Ifikapo 2080, bahari ikiendelea kupanda na tusipofanya kitu, watakuwa 943,000. Barabara zinazofunikwa na maji mara kwa mara zitatoka karibu kilomita 1,600 hadi zaidi ya 6,000. Hasara ya kila mwaka itapanda kutoka dola bilioni 0.4 hadi bilioni 5.1. Na vinamasi vya pwani, ambavyo ndivyo vinavyolivunja wimbi kabla halijafika nyumbani, asilimia 89 huenda vikazama kabisa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na sisi tuko katika hesabu ipi?" Nikakuza ramani mpaka mtaa wake ukatokea, umepakwa rangi. Nikamwambia wamo. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye viazi vyake.

Swali lake halikuniacha. Ng'ambo ya maji, upande wa Hampton, kuna ngome ya Fort Monroe, kwenye rasi iliyokuwa ikiitwa Point Comfort. Hapo, Agosti 1619, waliteremshwa Waafrika wa kwanza kuletwa kwa nguvu katika koloni la Waingereza la Virginia, watu waliotekwa huko Angola. Barua iliyotuarifu kufika kwao inawataja kwa idadi tu, ishirini na kitu, bila jina hata moja. Nilikwenda pale siku ya mapumziko nikasimama ukingoni. Rasi ni ya chini, maji yako pande zote, na Isabel kilipopita kiliiumiza sana. Sikulinganisha, wala silinganishi, karani wa utumwa na mtaalamu anayehesabu watu ili awakinge. Lakini kusimama pale kulinifanya nihisi uzito wa kuhesabiwa. Kutohesabiwa ni kusahaulika. Kuhesabiwa bila kuulizwa jina nako kunaacha kitu nje, na mara nyingi kile kinachoachwa nje ndicho mtu angekitetea kwanza.

Hilo hujitokeza zaidi zinapofika habari za ukuta. Mbali na mpango wa jimbo, Norfolk ina mradi wake na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 2.6, wa kuta na milango ya kuzuia maji ya dhoruba. Katika hesabu za awali, katikati ya mji palipata ukuta, na mitaa iliyo kusini mwa mto unaopita mjini, kama Berkley na Campostella, ambako wakazi wengi ni weusi, haikupata. Wao walipangiwa mambo kama kuinuliwa kwa baadhi ya nyumba. Kanuni ilikuwa ya kupima faida kwa gharama: kitakachookolewa kiwe na thamani kuliko kitakachotumika. Nyumba ikiwa ya bei ndogo, ukuta wa kuilinda huonekana ghali. Na bei ya nyumba hizo haikushuka yenyewe, ina historia ndefu ya nani aliruhusiwa kununua wapi, na ni mitaa ipi iliyonyimwa mikopo. Wakazi walipolijua walipiga kelele, na wahandisi wakakubali kuitazama upya mitaa hiyo. Tangu utoto tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatuambiwi ukuta huo utajengwa mbele ya nyumba ya nani.

Nilikuwa tayari kuhitimisha kwamba ndivyo mambo yalivyo, mnyonge huachiwa maji. Ila ukweli haukunipa raha ya kuhitimisha hivyo. Januari 2016 Virginia ilipata ruzuku ya serikali kuu ya dola milioni 120.5, na sehemu yake kubwa, kama milioni 112, ikaelekezwa kwenye bonde la kijito cha Ohio Creek, hapa hapa Norfolk, katika mitaa ya Chesterfield Heights na Grandy Village, mitaa ya watu weusi kwa miaka mingi. Kazi hiyo ilikamilika. Barabara ziliinuliwa, tuta likajengwa kando ya maji, pampu zikafungwa, kinamasi kikarudishiwa majani yake, na pakawekwa bustani ya watu kutembea. Nilipita pale jioni moja nikawakuta watoto wakicheza juu ya tuta, pengine bila kujua kwamba ni kinga. Kwa hiyo inawezekana. Mji ule ule unaweza kumwacha mtu nje mara moja na kumweka mbele mara nyingine, na kinachotofautisha, kadiri ninavyoona, ni nani aliyekuwa mezani hesabu ilipoanza kupigwa.

Tatizo jingine ni fedha, na hapo moyo wangu hupata shida zaidi. Mwaka 2020 Virginia ilitunga sheria ya kujiunga na ushirika wa majimbo ya mashariki unaovitoza vituo vya umeme kwa hewa ya ukaa vinayoitoa. Kuanzia 2021 asilimia 45 ya makusanyo ilikwenda kwenye mfuko wa kuzisaidia jamii kujiandaa na mafuriko, na mamia ya mamilioni ya dola yakapatikana. Niliupenda mpango huo kwa sababu uliliunganisha kosa na tiba: moshi unaoipandisha bahari ulilipia tuta la kuizuia. Kisha gavana mwingine akaingia, akasema tozo ile inamwongezea mwananchi bili ya umeme, na mwisho wa 2023 jimbo likajitoa. Novemba 2024 jaji alisema kujitoa kwa njia ile kulikuwa kinyume cha sheria. Mfuko haukufutwa, lakini mto wake wa fedha ulikatika, ukabaki kutegemea bajeti.

Nilikasirika, na hasira hiyo nimeibeba kwa muda. Halafu nikamsikia bibi akiisoma bili yake ya umeme kwa sauti ya chini, mara mbili, na kuirudisha kwenye bahasha. Hakusema neno. Sikubadili mawazo yangu kuhusu mfuko ule. Bado naamini ulikuwa wa haki. Ila nilijifunza kwamba mtu yule yule anayehitaji tuta ndiye anayehisi shilingi ya mwisho ya gharama yake, na kwamba anayesema gharama ni kubwa hasemi uongo hata kama hitimisho lake silikubali. Mpango wa miaka 60 unapaswa kuvuka mikono ya magavana wengi, na Virginia haimruhusu gavana kutumikia vipindi viwili mfululizo. Kila miaka minne mkono mpya. Maji hayajui uchaguzi. Hurudi kwa saa zake, yawe yamekuta mlinzi au hayakumkuta.

Kutokana na hayo, neno lililonikaa ni kurudi. Nguvu ya maji haya iko katika kurudi kwake, na nimekuwa nikitafuta ni nani miongoni mwetu anayerudi kama yanavyorudi. Kipimo cha Sewells Point kinarudi, saa kwa saa, karibu karne nzima. Huko Suffolk, tangu 2018, idara ya maji taka ya eneo hili imekuwa ikiyasafisha maji yaliyokwisha kutumika mpaka yafikie kiwango cha maji ya kunywa, kisha inayasukuma chini kwenye tabaka lile lile lililonyonywa, kwa matumaini ya kulijaza na kupunguza kasi ya ardhi kuzama. Na tangu 2017, kila vuli, siku ya bamvua kubwa kuliko zote, mamia ya watu wa kawaida hutoka na simu zao kuupima ukingo wa maji.

Nami nilijiunga nao. Kazi yenyewe ni ndogo. Unatembea pale maji yanapoishia, barabarani, uani kwa watu, kati ya magari yaliyoegeshwa, na kila baada ya hatua chache unabonyeza kitufe, simu ikaandika mahali ulipo. Alama hizo hupelekwa kwa wanasayansi, wakazilinganisha na kile kompyuta zao zilichotabiri. Nilipokuwa nikitembea nilihisi jambo ambalo sikulitarajia: nilikuwa nafanya kile walichofanya wazee wa Tanga bila simu, kujua maji yanaishia wapi na kulishika hilo kichwani kwa niaba ya wote. Tofauti ni kwamba alama ya bamvua waliyoishika wazee haikuhama sana maishani mwao. Ya kwangu huenda isifae baada ya miaka michache, na mtu mwingine atalazimika kutembea tena.

Sitaki kuifanya picha iwe nzuri kuliko ilivyo. Katikati ya ghuba kuna kisiwa cha Tangier, cha wavuvi wa kaa, ambacho kimepoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake tangu 1850. Waliobaki ni mamia tu, na wengi wao hawataki kuhama. Kwao kila mpango wa jimbo una swali ambalo hakuna karatasi inayolijibu kwa ukamilifu: mahali penye watu wachache na gharama kubwa pakingwe mpaka lini, na nani ana haki ya kusema basi? Nimewahi kumuuliza bibi kama angehama akilipwa vizuri. Alifikiri kwa muda. Akasema, "Nikienda juu mlimani, nani atanijua?" Nilitaka kumjibu kwamba uhai ni bora kuliko kujulikana, lakini mimi mwenyewe niliondoka kwetu, na ninajua nilichokilipia. Nikanyamaza.

Awamu ya pili ya mpango wa Virginia imeongeza mafuriko ya mvua, ambayo awamu ya kwanza iliyaacha nje. Na sheria ya jimbo sasa inataka mpango uhuishwe angalau kila miaka 5. Zamani ningelipita jambo hilo haraka, nikaona ni la makarani. Sasa ni sehemu ninayoithamini kuliko ramani zenyewe, kwa sababu ni kukiri kwa maandishi kwamba walioandika hawakumaliza, na kwamba wanaokuja wanalazimika kuuliza upya: maji yamefika wapi, nani ameachwa, fedha ziko wapi. Sijui kama sheria inaweza kumlazimisha mtu kujali. Nafikiri inaweza kumlazimisha kurudi, na huenda kujali huanzia hapo, kama kulivyoanzia kwangu, nikiwa nimekwama kwenye meza ya mtu, nasubiri maji yapungue.

Nikiulizwa leo mpango mzuri ni upi, nitasema ni ule wenye tarehe ya kuulizwa tena, wenye fedha zisizomtegemea gavana mmoja, na wenye viti kwa wale ambao bei ya nyumba zao haiwatetei. Nikiishi na maji haya muda mrefu zaidi, pengine nitajibu vingine. Jimbo litakapofungua tena mlango wa maoni, nimekubaliana na bibi kwamba atasema ya kwake nami nitamwandikia, kisha nitaandika ya kwangu chini yake. Hatukubaliani katika kila jambo, hasa kuhusu kuhama. Tutayapeleka yote mawili jinsi yalivyo.